Gegedu la Goti la Mamangu

Mamangu alisomesha wasichana Kurani miaka mingi mtaani kwetu Kuze, akikaa mkekani, hadi goti lake la kulia likakataa kukunjika. Alipokwenda kuwekewa goti la bandia, daktari alimwomba ruhusa mabaki ya goti lake yaletwe maabara ninakofanya kazi, Mbaraki. Huko twajaribu kuotesha gegedu, ile tabaka nyeupe, nyororo, inayozuia mifupa isisagane. Akaridhia, nami nikadhani ameelewa.

Siku moja nikimkanda mguu akaniuliza, "Kile kipande changu mlikizika wapi?"

Kwetu kilichotoka mwilini huzikwa. Hata kucha zetu utotoni alikuwa akizifukia yeye mwenyewe.

"Hakijazikwa, mama. Ki hai."

Alinitazama akidhani nafanya mzaha. Nikamweleza kwamba tulikikatakata, tukakilowesha katika dawa inayoziachanisha seli, kisha tukaziweka kwenye maji yenye chakula cha kuzikuza. Sasa zimezaana, zimekuwa nyingi.

"Zimezaana," akarudia taratibu. "Nami nimelala hapa."

Akataka kuziona. Mkuu wangu alikubali, basi tukapanda tuktuk, yeye na mkongojo wake na buibui lake zuri. Nilimvisha koti jeupe na glavu, nikatoa chupa bapa ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu, nikaiweka kwenye hadubini. Aliinama, akahangaika kidogo na macho yake, kisha akatulia.

"Assalaam alaykum," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

Sikucheka. Nilimwambia kwamba seli hizo, zikitambaa juu ya plastiki, hulala bapa na kuacha kazi yake. Lakini tukizitia ndani ya jeli huviringana tena na kuanza kutengeneza gegedu upya.

"Nani huzikumbusha?"

Nimefanya kazi hii miaka, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. "Twajua kidogo tu, mama. Mengine hatuyajui."

"Subhanallah," akasema. "Basi hizi si za kuzikwa."

Nikamtolea kijisahani chenye kipande cha gegedu la seli zake kilichokwisha kukomaa, cheupe, kidogo kama kitufe cha shati. Alikibonyeza kwa ncha ya kidole, kikabonyea, kikarudi kama kilivyokuwa. Akabonyeza tena. Nilisimama nyuma yake nikiutazama mgongo wake ulioinama. Mamangu alikuwa kitini, na mamangu alikuwa kwenye kijisahani.

Tukarudi nyumbani kwa tuktuk. Tulipofika mlangoni akanishika mkono ili ashuke.

"Kesho uende mapema," akaniambia, "ukazilishe."