Mfereji Uliokausha Kitenge

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alinikabidhi mota ndogo, nzito kuliko ilivyoonekana, akaniuliza, "Binti, hii utaiwekea umeme wa kiasi gani?" Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi juzijuzi. Nikasoma kibati cha ubavuni, nikataja ampea zilizoandikwa. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Hizo ni za mtu anayetembea taratibu. Huyu akiambiwa aruke?"

Sikuelewa, nami nisipoelewa jambo situlii. Ile ilikuwa mota ya servo. Mota ya pampu ukiiwasha inazunguka tu mpaka uizime. Servo huamrishwa: nenda robo mzunguko, simama, rudi, simama, mara nyingi kwa dakika moja, wala isikosee. Kila inaporuka, kwa kitambo kidogo inaweza kuvuta mara mbili au tatu ya kilichoandikwa kwenye kibati. Tena haiungwi moja kwa moja kwenye umeme. Inaendeshwa na draivu, sanduku la kielektroniki linaloipimia. Kwa hiyo anayechagua waya na breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, asome kitabu cha draivu, asiishie kwenye kibati cha mota. Nilikisoma kitabu hicho mpaka jalada likatoka.

"Breka inalinda waya," Mkuu alizoea kusema. "Mota inalindwa na draivu. Waya hauna mlinzi mwingine." Nilikariri maneno hayo, ila kuyafuata lilikuwa jambo jingine.

Baadaye nilipangiwa kiwanda cha kufungasha sabuni, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, penye mashine ya servo tatu. Kila asubuhi Zuhura, mwendeshaji wake, akiwasha, breka inakata. Draivu zina kapasita ndani, kama matangi ya umeme, na zikiwashwa zote pamoja kila moja inajaza tangi lake kwa pupa. Hilo nililijua. Lakini Meneja wa Kiwanda alikuwa amenisimamia, anaangalia saa, nami nikafanya wanachofanya mafundi wengi wa mjini: nikavuka barabara hadi dukani, nikasema, "Nipe ya juu yake." Muuzaji hakushangaa, kwake lilikuwa ombi la kila siku. Nikafunga breka kubwa kwenye waya uleule mwembamba. Mashine ikawaka mara moja, Meneja akanisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Miezi ikapita. Meneja akaongeza kasi ya mashine, hakuniambia. Breka ya zamani ingekata kutuonya kuwa waya umezidiwa. Hii kubwa ilinyamaza.

Masika yale nilipita kukagua. Zuhura alikuwa amefika kaloa chapachapa, na kitenge chake kimetandazwa juu ya mfereji wa plastiki unaoficha nyaya ukutani, nyuma ya kiti chake.

"Zuhura, mbona unaanika hapo?"

"Aa, fundi, hapa ndo penyewe! Saa moja tu kimekauka. Wenzangu wananionea wivu."

Nikaweka kiganja, nikakiondoa haraka. Nilipofungua kifuniko nikakuta plastiki ya waya imelainika, imeanza kugandana. Kando yake palikuwa na mabunda ya karatasi, na mlango ulikuwa upande wa pili wa mashine. Nikazima.

Meneja alikuja mbio. "Nani kazima? Lori la mzigo liko nje!"

Ningeweza kusema waya umezeeka. Neno lilishafika mdomoni. Nikamtazama Zuhura anakunja kitenge chake, hajui lolote.

"Nimezima mimi, bosi, na kosa ni langu. Niliweka breka kubwa kuliko waya. Ukiwasha, dada huyu ndiye wa kwanza kuungua."

Mkuu wa Karakana aliitwa, akaja kwa miguu kutoka Gerezani. Akapapasa waya, akaniangalia. Nilisubiri kufukuzwa.

"Waya hauna mwingine," alisema tu, akakunja mikono ya shati.

Tulivuta waya mnene, uliopimwa kwa kasi mpya na kwa joto la mfereji uliojaa nyaya. Breka tukaichagua kwa kufuata waya, ya aina inayovumilia mshtuko mfupi wa kuwasha, na draivu tukazipanga ziwake moja baada ya nyingine. Haikukata tena.

Nilihamishiwa soko la samaki la Feri, kwenye mitambo ya barafu, kisha nikawa mkaguzi. Ninyi mafundi vijana mna vipimo vinavyoona joto kwa mbali, vitumieni. Mimi nilikuwa naanza kwa kumuuliza anayeshinda hapo: "Hapa huwa unaweka nini?" Mlinzi mmoja wa Feri aliniambia paneli yao, lile sanduku la swichi za umeme, inapasha chapati vizuri sana. Ilinichukua siku mbili kujua kwa nini.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilikwenda kiwandani kuaga. Mvua ilikuwa inanyesha. Zuhura, sasa msimamizi wa zamu, alikuwa ametundika kitenge kwenye kiti, kinachuruzika maji.

"Fundi wewe, unastaafu na hujaniomba radhi! Tangu siku ile nguo zangu hazikauki humu."

Tulicheka mpaka nikageuka kufuta macho. Kabla ya kutoka nikapeleka kiganja kwenye mfereji, nyuma ya kiti chake. Palikuwa baridi.