Kidole Gumba cha Dereva

Kabla hajaugua, kinyozi huyu aliitwa Redio, na kwa jina hilo hakuonewa. Saa mbili asubuhi alipofungua kibanda chake, mdomo ulikuwa umeshafunguka tangu nyumbani. Mashine ilinguruma, naye akanguruma juu yake: nani kaoa, nani kaachwa, nani kaonekana wapi na suruali ya nani. Alizitia chumvi mpaka wenye habari zao wenyewe wakawa hawazitambui. Wenye vipara nao walikuja kunyolewa. Walikaa kitini na vipara vyao vinang'aa, wakalipa, kwa sababu hadithi za Redio hazikupatikana kwingine.

Halafu koo likaanza kukwaruza. Akasema ni vumbi la nywele, akasukutua maji ya chumvi miezi minne, na alipofika hospitali daktari hakuzungukazunguka. Ilikuwa saratani. Wakampasua, wakaondoa kisanduku chote cha sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia, na baadaye wakamwekea humo kifaa kidogo kama kifungo cha shati. Akitaka kusema, sharti alizibe tundu kwa kidole gumba, asukume pumzi, sauti itokee mdomoni. Ilitoka, sikatai. Ilikuwa kama sauti ya bawaba yenye kutu, na siku alipoisikia mara ya kwanza aligeukia ukutani akalia.

Mionzi ilipokwisha alirudi kazini. Sasa hebu fikiria mwenyewe. Kinyozi ana mikono miwili: mmoja umeshika mashine, mwingine umeshika kichwa cha mtu. Kidole cha kuziba tundu atakitoa wapi? Ama anyoe, ama aseme. Redio akachagua kunyoa. Alijifunga kitambaa shingoni nywele zisimwingie, akanyamaza kimya, na wateja wakakaa kwa adabu kama waliokuja kutoa pole. Wenye vipara ndio waliohama kwanza. Naye akajiapia kwamba aliyewahi kuisikia sauti yake ya zamani hataisikia hii mpya hata iweje. Hata mkewe alikuwa akiandikiwa karatasi: chai imepoa, nimechoka, nalala.

Mahali pekee alipotia mguu bila kujificha palikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki, chenye meza ndefu na viti vya plastiki. Humo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, walikutana watu kumi na moja wenye matundu shingoni. Walijiita Wagonga Meza. Kushangilia kwa sauti hawawezi, kwa hiyo wamezoea kugonga meza kwa vifundo vya vidole, pigo moja kwa kila mwezi ambao mtu ameishi tangu apasuliwe. Ukifikisha mapigo kumi na mawili unasimama, unazungumza jambo lolote upendalo, halafu unakatiwa keki. Mwenyekiti wao, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa na mapigo mengi mpaka siku yake watu walilalamika vidole vinauma.

Hata humo Redio aliinua mkono tu jina lake likiitwa, basi. Sababu ilikuwa Dereva. Dereva huyu wa lori alilala kitanda cha jirani yake hospitali, wakapasuliwa kwa kupishana siku mbili, na kabla ya hapo alikuwa amemsikia Redio akivunja mbavu za wodi nzima kwa ile sauti iliyobaki. Ndiye mtu wa mwisho kucheka kwa hadithi zake. Mbele yake, Redio aliona haya kuliko mbele ya mtu mwingine yeyote.

"Betri zimekwisha, Redio?" Dereva alimchokoza kila mwezi, kidole shingoni. "Au ndiyo tunasubiri taarifa ya habari?"

Walipanga wagongewe siku moja, wakate keki moja. Kwenye pigo la kumi Dereva alikuwa anakohoa. Kwenye la kumi na moja kiti chake kilikuwa kitupu, na Mwenyekiti akasimama, akaziba tundu, akasema ugonjwa umerudi, safari hii uko mapafuni. Siku hiyo hawakumgongea mtu yeyote.

Ilipobaki siku nne kufika Jumamosi yao, mke wa Dereva alikuja kibandani. Alikuta viti viwili vitupu na kinyozi anafagia sakafu isiyo na nywele.

"Shemeji, anakuita," alisema. "Anasema uje na vifaa vyako."

Redio alimkuta Dereva nyumbani kwake, ameegemezwa mito mitatu karibu na dirisha, mashavu yameingia ndani, ndevu zimeota ovyo. Pumzi ya kusemea hakuwa nayo. Alikuwa na daftari mapajani, na kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Akaandika: "Ninyoe. Jumamosi nataka nifike na sura."

Redio alimfunika kitambaa, akachanganya povu, akaupaka uso ule taratibu, akatoa wembe mpya. Mkono wa kushoto ukavuta ngozi, wa kulia ukaanza chini ya sikio. Amefika nusu ya shavu, Dereva akagonga daftari. Lilikuwa limeandikwa: "Usininyoe kimya. Mochwari ndiko wanakonyoa kimya."

Redio akamwonyesha mikono yake miwili, huu una wembe, huu una povu. Ulikuwa udhuru mzuri na alikuwa ameutumia miezi yote hiyo. Dereva akamtazama, akautoa mkono wake chini ya kitambaa. Aliunyanyua kidogo kidogo, akasukuma pembeni kitambaa cha shingoni mwa Redio, akaliziba tundu lake kwa kidole gumba.

Redio alishtuka. Kidole kilikuwa cha baridi na hakikuondoka. Kifua kilijaa pumzi, na pumzi sharti itoke. Basi akapiga moyo konde, akaanza kunyoa, akaanza kusema.

"Kuna bwana harusi mmoja," ile bawaba ikalia, "alikuja kunyolewa ndevu siku yenyewe. Nimemaliza upande wa kulia, umeme ukakatika. Wembe hataki, anauogopa kama sindano. Nje gari linapiga honi. Nikamwambia, bwana wee, nenda hivyohivyo."

Mabega ya Dereva yakaanza kutikisika. Redio akausogeza wembe mbali, akangoja, akaendelea. Kila alipotaka kuvuta pumzi alikonyeza, kidole kikanyanyuka, kikarudi. Mpiga picha wa bibi harusi alisimama kushoto, wa bwana harusi alisimama kulia, kila mmoja akapiga alichokiona. Sauti ilikuwa mbaya vilevile, lakini chumvi ilikuwa ileile, na mkononi mwake wembe ulikuwa ukipita kwa mdundo ambao alidhani umekufa. Alisikia furaha, na furaha hiyo ilimuuma.

"Sasa, mama mkwe akafungua albamu zote mbili, akaita watu..."

Kidole kikaanguka. Midomo ya Redio iliendelea kucheza, lakini hakikutoka kitu. Mkono wa Dereva ulikuwa umelala kwenye kitambaa, umechoka kabisa. Redio akaweka wembe chini, akainua kidole chake mwenyewe amalizie.

Dereva akatikisa kichwa. Aliandika kwa muda mrefu maneno machache: "Jumamosi. Nipate sababu ya kufika."

Redio akatii. Alimalizia kidevu, akamfuta uso kwa maji ya uvuguvugu, akamshikia kioo. Dereva alijitazama, akainua nyusi kama anayetaka kuposa.

Alifariki Alhamisi alfajiri.

Jumamosi Redio alikwenda kwa sababu mkewe alimvalisha shati na kumsukuma nje. Mke wa Dereva alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha mumewe, daftari mapajani. Mwenyekiti akainua mkono. Wakagonga mapigo kumi na mawili ya Redio, wakageukia kiti cha Dereva, wakagonga kumi na moja. La kumi na mbili halikugongwa, na kila mmoja alilingoja.

Redio akasimama. Alikuwa anajichukia. Maneno ya kumalizia hadithi yalikuwa machache tu, alikuwa nayo mdomoni, na alikubali kuyameza kwa kuwa mgonjwa aliomba.

"Nakudai mwisho wa hadithi," mjane alimwambia. "Ameniandikia yote. Imeishia kwenye albamu."

Kinyozi akaziba tundu kwa kidole chake. Akaanza tangu mwanzo, kwa ajili ya wengine: umeme, honi, wapiga picha wawili. Alipofika kwenye albamu akasita, akavuta pumzi.

"Mama mkwe akatazama hii, akatazama hii. Akauliza, 'Huyu asiye na ndevu namjua. Na huyu mwenye ndevu aliyemshika mwanangu kiuno, ni nani?'"

Wagonga Meza walicheka. Mabega yalipanda na kushuka, machozi yaliwatoka, hewa ikawatoka shingoni kwa mfoko, lakini hakuna aliyesikika. Chumbani mle mwenye sauti alikuwa mmoja tu. Mjane alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine ya kukifunika, walikisikia chote.