Siku Udongo Niliousifia Uliponiteremsha

Chekeni sasa hivi mmalize, maana hata mimi nikikumbuka mkutano ule wa kilimani, juu ya mtaa wa Batsinda, nafunika uso, na mnanijua, mimi si mtu wa kuona haya ovyo ovyo.

Kazi yangu ni kupanga machimbo: changarawe ianze kuchimbwa wapi, maji ya mvua yapite wapi, na tukimaliza, kilima kirudi vipi kuwa cha kulimwa. Mpango wa kilima kile niliuandaa mwenyewe na ulikuwa mzuri (bado ni mzuri, sirudi nyuma). Tungechimba kwa ngazi kuanzia juu, udongo mweusi wa shamba tuuweke pembeni, na kila ngazi ikiisha changarawe tuurudishe na kupanda nyasi na miti. Walibaki majirani tu kukubali. Wakikataa, kibali hakuna.

Wengi wao wamekulia Tanzania kama mimi, au Uganda, kabla ya kurudi nyumbani, basi tukawa tunachanganya Kiswahili na Kinyarwanda. Nikaanza kueleza mbele ya hema tulilowafungia wageni, wa nyuma wakalalamika hawanioni. Mwenzangu wa kazini, Eriki, akaniletea kiti. Kiti cha nini, nikajiuliza, na lile lundo la udongo tulilochimbua kwa majaribio liko hapo hapo? Nikapanda juu yake, na viatu vyangu vya ofisini, na mvua ilikuwa imenyesha kuanzia alfajiri.

"Injinia, shuka, hapo iko teleza!" Eriki akaniita.

"Tulia wewe," nikamjibu, kisha nikawageukia watu na kupiga mguu chini. "Wazazi wangu, udongo huu hauendi popote!"

Ukaenda. Ukaenda na mimi juu yake, nimekaa kitako, nikadaka kamba ya hema nijiokoe, kamba ikang'oka na nguzo yake, hema likawafunika wageni wa mbele akiwemo kiongozi wa serikali wa sekta ile na soda yake mkononi, nami nikaendelea kuteremka mpaka ndani ya shimo la kutuliza maji ya tope, ambalo nalo nililipanga mwenyewe (kina chake kilikuwa sawasawa kabisa, kifuani). Kilima kizima kikacheka.

Mtu mmoja hakucheka. Mama Domitila, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya pale, alikuja mpaka ukingoni.

"Yoo, ihangane, pole mwanangu. Lakini wewe utaoga, utaenda kwako. Sisi tunalala hapa chini. Hiyo udongo ikikuja tumelala?"

Kicheko kikakatika. Ningeweza kulia, kusema kweli, lakini nikamjibu nikiwa mle mle kwenye tope: "Mama, lundo linahamia upande wa pili, mbali na nyumba zenu. Litakuwa fupi, na tutalipandia nyasi kabla ya lori la kwanza kupakia. Usipoziona nyasi, zuia lori."

"Nitazuia kweli," akasema, akanivuta kwa mikono miwili.

Wakakubali. Leo ngazi ya kwanza imesharudishiwa udongo wake, Mama Domitila anakata nyasi pale za ng'ombe wake, na mimi huko naitwa Injinia Maporomoko, watoto wananiitia barabarani. Sawa, naitika. Kupanga machimbo nitaendelea, tena kwa kifua mbele. Ila nimejiapiza: kilima chochote nitakachokisifia mbele za watu, kwanza nikikanyage peke yangu, kukiwa hakuna mtu hata mmoja wa kutazama.