Jina Lililofutwa kwa Mkate

Uvumilivu wangu uliisha pale nilipomkuta bwana yangu anasugua kitabu kwa mkate wa mtoto. Mkate wa Gloire! Mtoto analia, baba mtu amefinyanga kipande laini na kupapasa ukurasa taratibu, kama anapapasa shavu la mtu. Msiseme ninatunga. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Likasi, na majirani wa parcelle yetu, kiwanja tunachokaa pamoja, wanajua.

Bwana yangu anauza riwaya za mapenzi za zamani, zile za Kifaransa zenye jalada la kuchorwa kwa mkono. Anazinunua katika nyumba za wazee wa migodi, kisha anawatumia picha wateja wa Lubumbashi na Ubelgiji. Kitabu cha bei, anasema, kiwe chapa ya kwanza, mgongo usiwe umevunjika, jua lisiwe limekula rangi. Na ndani pasiwe na jina la mtu, maana jina linashusha bei. Likiwa la penseli analifuta kwa mkate, kwa sababu kifutio cha shule kinachubua karatasi kuukuu.

"Solange," akasoma kwa sauti ya chini kabla ya kumalizia kufuta. "Jina tamu, eh?"

Sikieni vizuri. Mimi tangu nizae ananiita Mama Gloire. Jina langu sijalisikia tena kinywani mwake. Na huyu wa kwenye kitabu anaitwa kwa ulimi wa asali! Nilimnyang'anya mkate, jina limeshafutika, nikatoka nje kabla sijampiga.

Jua lilikuwa linazama. Langoni alisimama mwanamke mwenye gauni la mtindo wa zamani, limepigwa pasi, linanuka kabati lililofungwa miaka. Hakupiga hodi.

"Bwana yako iko?"

Wivu ukanipanda kichwani. "Unamutakia nini bwana yangu?"

"Alinifuta. Kule niko, wakiita majina, yangu haiko."

"Njo weye Solange?" nikamuuliza kama ndiye.

"Sijui tena, mama. Pengine."

Uso wake, niaminini, ulikuwa umefifia katikati kama penseli iliyosuguliwa. Mwenye akili si angekimbia? Lakini wivu hauna miguu ya kukimbia.

"Basi sikia," nikasema, mikono kiunoni. "Bibi wa hii nyumba njo miye!" Nikamtajia jina langu lote, la ubatizo na la babu.

Sura yake ikarudi, kamili, nzuri hata ikaniuma. "Aksanti, mama. Hii itanitosha." Akageuka, na barabara ikawa tupu.

Tangu siku ile jina langu halipo. Mama yangu akinipigia simu anaanza kuniita, anakwama, anakohoa. Kwenye kadi yangu ya mpiga kura pamebaki weupe. Nami nikijaribu kulitamka, ulimi unagonga meno tu. Bwana yangu anacheka: "Si uko Mama Gloire? Inatosha!"

Wewe unayenunua vitabu vya zamani, jina ulilolikuta ndani liache. Na mgeni wa jioni akikukuta na hasira, usimpe lako.

Juzi nilikwenda kwenye ofisi ya mtaa kumshitaki bwana yangu kwa kufuta majina ya watu hadi langu likachukuliwa. Karani aliandika yote, kisha akauliza mlalamikaji ni nani.

"Andika Mama Gloire."

"Hilo si jina, mama. Nataka jina lako."

"Ndilo ninalolidai."

Aliniangalia sana, akasogeza wino. Nikaweka dole gumba.