Injini ya Siku Niliyozaliwa

Baba anasema siku niliyozaliwa alikuwa Kawangware akibadilisha injini ya gari la mwalimu mmoja. Mama anasema alikuwa Kawangware akinywa. Nimekulia katikati ya kauli hizo mbili, na kusema kweli zimenilea vizuri. Kila siku yangu ya kuzaliwa ikifika, nyumbani huwa na chapati, chai na kesi.

Ushahidi wa baba haujawahi kubadilika. Alitoka kwetu Kambi Muru alfajiri, uchungu wa mama ukiwa umeanza. Mwalimu alikuwa anasafiri magharibi kwa mazishi na injini ya gari lake, lile dogo lenye mgongo wa kobe na injini nyuma, ilikuwa imekufa. Baba akaing'oa, akafunga nyingine aliyoitoa kwenye mkweche, akarudi jioni. Alinikuta nimeshazaliwa mikononi mwa jirani, nimeogeshwa, nimelala. Alikuwa na grisi hadi viwikoni. "Grisi mtu anaweza kujipaka," mama akasema, na tangu hapo hajaongeza ushahidi mwingine kwenye kesi hiyo.

Basi Jumamosi moja mwaka huu nilikuwa kwenye cherehani yangu nikishona sare za shule, nikamwona baba anakuja mbio. Baba ana magoti mabovu na huwa hakimbii. Mteja wake alikuwa amemtumia tangazo kwenye simu: gari la mgongo wa kobe linauzwa mtaa wa Kongo, Kawangware. Namba ya gari ilikuwa ile ya mwalimu, ambayo baba ameitaja mara nyingi mpaka mimi naijua kwa kichwa. Chini ya picha mwenye gari ameandika kwamba injini ni ileile ya kiwandani, haijawahi kuguswa.

"Haijaguswa!" baba akafoka. "Mimi niliitoa na hii mikono!"

Mama, aliyekuwa akinisaidia dukani, aliisoma simu polepole, kisha akavua aproni. "Twende," akasema. "Leo tutamaliza hii maneno."

Nilifunga duka huku mteja amesimama na kitambaa chake mkononi. Nilimwomba radhi, lakini ningebakije? Injini ikiwa ya kiwandani, baba amemdanganya mama umri wangu wote. Ikiwa ni nyingine, mama itabidi amwombe baba msamaha, jambo ambalo sijawahi kuliona na nililitamani sana.

Mwenye gari alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, akidhani tumekuja kununua. "Karibuni wazazi. Hii ni orijino kabisa, mzee, cheki mwenyewe." Na alikuwa mkweli kwa kadiri alivyojua, maana alilinunua likiwa limeshapita mikono kadhaa. Alikuwa nayo hata logbook ya zamani, ile ya kijitabu, ndani ya mfuko wa plastiki. Humo imeandikwa namba ya injini iliyokuja na gari. Injini yenyewe nayo ina namba iliyogongwa kwenye chuma, chini ya dainamo. Zikilingana, ni ile. Zisipolingana, kuna mtu aliibadilisha.

Baba aliinua mlango wa nyuma, akasugua chuma kwa kitambaa chenye petroli. Tarakimu zilikuwa zimejaa rangi na mafuta ya miaka, hazisomeki. Nikapapasa mfukoni, nikatoa chaki yangu ya kushonea, nikaipaka pale na kupangusa kwa kidole. Zikatokea nyeupe, safi kabisa. Nilifurahi mpaka nikapiga kelele.

Mama alikishika kijitabu yeye mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine. Mimi nikasoma chuma.

"Tano."

"Tano," mama akajibu.

"Sifuri."

"Sifuri."

"Tatu."

"Tatu!" Mama alikuwa ameanza kutabasamu. Kijana pia. Baba jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na wapangaji wa ile ploti walikuwa wametoka wote kutuangalia.

"Saba."

Mama akakisogeza kijitabu karibu na macho.

"Mama?"

"Hapa ni moja," akasema. "Lakini moja na saba zinafanana. Sugua tena."

Nikasugua tena. Saba. Iliyofuata, kwenye chuma ilikuwa tisa na kwenye kijitabu mbili, na hapo hakukuwa na la kufanana.

Baba akapiga ukelele uliowaamsha mbwa, akacheza na magoti yake yale, akamkumbatia kijana ambaye biashara yake ilikuwa imeharibika hivi punde. "Andika imefungwa na fundi hodari!" akamwambia. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwa kucheka, tumbo linaniuma.

Mama alikifunga kijitabu. "Kwa hivyo ni ukweli."

"Ukweli mtupu, mama watoto!"

"Hukuwa umelewa."

"Hata tone!"

"Ulikuwa na akili zako zote."

"Zote!"

"Ukaniacha na uchungu, ukaenda kufunga injini."

Baba akasimama, mikono bado iko juu.

"Yule mlevi nilishamsamehe zamani," mama akasema. "Mlevi hajui anachofanya. Sasa huyu mwingine ni nani?"

Kijana aliangalia viatu vyake. Kicheko changu kikakatika. Kwa kweli nilimwonea baba huruma, na papo hapo nikamkasirikia, kwani hata mimi nilikuwemo ndani ya siku hiyo.

"Injini nilijua pa kuishika," baba akasema, sauti imeshuka. "Wewe ulikuwa unalia. Sikujua nishike wapi."

Mama alimtazama sana. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi akaliegemea gari nalo likayumba, tukaambukizwa sote, hata mwenye gari. Alipopata pumzi alijifuta macho.

"Mkono," akasema. "Ungeshika mkono tu."