Mluzi wa Mtu wa Mashine

Mtu wa mashine ya kupiga picha za mimba katika hospitali ya Kikima hupiga mluzi wa nyimbo za kanisa tangu asubuhi, waya wa kipima ukiwa umezungushwa mara mbili mkononi kama kamba ya mbuzi mtoro. Chupa ya jeli huiweka ndani ya kikombe cha maji moto, tumbo la mama yeyote lisishtuke. "Humu ndani ya kipima mna vijiti vya kauri, vyembamba kama unywele, vimeshikwa na gundi," alimwambia Syombua, ambaye binti yake Kavutha alikuwa amelala kitandani, mimba ya miezi minane, mtoto hajacheza siku mbili. "Umeme ukivigusa vinatetemeka, vinatoa sauti. Sauti ikimgonga mtoto inarudi, nasi tunamwona." Kusikia kwamba mashine inatumia sauti, Syombua akavua viatu asiivuruge, akamkemea Kavutha apumue polepole. Yule bwana akacheka. "Mama, sauti hii hata mbwa hawezi kuisikia. Piga ngoma ukitaka!"

Akaanza kazi na wimbo wake. Katikati ya ubeti mluzi ukakatika. Mkono ukasogeza kipima kidogo, ukarudi, ukasogeza tena. Syombua hakutazama kioo, maana hakukielewa. Alitazama midomo ile. Midomo ikajikunja, na mluzi ukaendelea palepale ulipokatikia, kwa nguvu zaidi, hata Kavutha akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. "Alikuwa amelala tu, mvivu huyu. Moyo wake unakimbia vizuri," akasema mtu wa mashine. Kisha akamgeukia Syombua aliyesimama miguu mitupu. "Vaa viatu sasa, nyanya yake."