Mgonjwa Aliyelala kwa Jina Langu

Mwanangu, kuna jambo nimelikana miaka mingi, hata mbele ya padri: kadi ile ya bima sikuitoa siku ileile niliyoombwa na mgonjwa. Niliitoa siku ya nne. Kila aliyeniuliza nilimwambia, "Nilimpa mara moja," mpaka mwisho nikajisadiki mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya vita, nami naishi mtaa wa Ngagara. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uchumi, na hakuna homa mbaya kama shahada mpya. Ofisini nilipewa kazi ya kuandika waraka: je, serikali itibu kila mtu, au kila mtu ajinunulie bima? Mimi nilishika la pili. Mwenzangu Bosco, aliyekaa meza ya jirani, alinitania kila saa ya chai.

"We Kaneza, malaria ikibisha hodi inauliza kadi?"

"Mbeba mzigo ni mwenye mzigo," nilimjibu. Methali hiyo niliitunga mwenyewe. Ndiyo maana haina maana.

Chumba cha uani kwangu alikipanga Mama Zawadi, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyevuka mpaka kutoka Uvira na kumwacha mwanawe kwa bibi yake. Mchana mmoja alikuja mlangoni ameushika ukuta.

"Dada, mi nasikia baridi mpaka mu mifupa. Unikopeshe kadi yako ya bima. Picha yake imefutika, mutu hataona."

"Apana, Mama Zawadi. Kadi ni ya mwenye jina."

Nikarudi kwenye waraka wangu.

Niliandika nyumbani siku tatu. Milio ya risasi ilishuka kutoka milimani juu ya Gihosha, kisha ikanyamaza. Nyuma ya ukuta, pumzi zake hazikunyamaza. Sijui ni lini nilianza kuzifuata. Akivuta pumzi, naandika. Akikatisha, kalamu inasimama. Siku ya nne kalamu ilisimama muda mrefu mno. Nikakimbilia uani na kadi mkononi.

Ndani ya teksi ya kwenda hospitali nilimfundisha kuwa mimi: jina, jina la baba, ofisi. Alijifunza vizuri kupita kiasi. Kesho yake nilipokwenda kumwona, muuguzi aliita kutoka mlangoni, "Kaneza!" Nikafungua kinywa. Sauti nyingine ikaitika kitandani, "Karame!" Ndivyo ninavyoitika mimi, Mrundi. Mama Zawadi sikuwahi kumsikia akiitika hivyo.

Nikamwinamia. "Mama Zawadi, ni mi."

Alinitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mi ni Kaneza, binti ya Melkiori. Nafanya kazi ku biro ya serikali. We ni nani?"

Mwanangu, nilipapasa mkoba wangu nitafute kadi. Ilikuwa kwake.

Nakuusia basi, wewe uliyesoma kunizidi. Wazee walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa; mimi naongeza, mwenye kadi hamjui mwenye homa, na safari hii methali yangu ina maana, kwa sababu niliilipia. Ukikalishwa mezani kuamua nani atibiwe na nani asubiri, kwanza sikiliza anayetetemeka nyuma ya ukuta wako. Kubishana si vibaya, nami nimekula mshahara wake. Lakini mgonjwa apite kwanza. Tutabishana akiwa amelala kitandani na dawa imemwingia. Mungu akupe afya, akupe na jirani wa kubisha mlango wako, na siku atakayobisha asikukute unaandika.

Waraka niliumaliza jioni ile nilipotoka hospitali. Asubuhi iliyofuata nilikuwa ofisini nikimsomea Bosco, kwa sauti ya ushindi, simu ikalia mezani kwake. Akasikiliza. Akaufunika mkonga wa simu kwa kiganja, akanikodolea macho.

"Ni hospitali," alisema polepole. "Wanasema ndugu za Kaneza waje kumchukua. Amekufa saa mbili."

Nikaichukua simu. Nikauliza ilikuwaje.

"Pole sana, dada," alisema muuguzi. "Dawa tulikuwa nayo. Angefika siku tatu mapema, leo angekuwa anatembea." Akageuza karatasi. "Hebu niambie, Kaneza alikuwa wapi siku zote hizo?"